Wiki Ile Hakukuwa na Sukari

Nyambura mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko ng'ambo ya ua kwa bibi yetu wa jirani, Kogo Taprandich, umeenda kumuaga, na mnacheka mpaka kuku wake wametawanyika. Ni Jumapili saa tisa mchana. Nimefunga duka, baba yako amelala na kofia usoni, na nimeweka karatasi juu ya kaunta mahali tunapopimia sukari. Kesho treni itakuchukua hadi Nairobi, na barua hii utaikuta sandukuni mwako ukiwa mbali kiasi cha kutoweza kurudi kunigombeza.

Sitakuambia habari ya blanketi wala ya kufua soksi. Soksi zako unazifua tangu darasa la tatu, na za baba yako pia. Nataka kujibu lile uliloniomba Alhamisi. Ulikuja na sanduku lako la bati, ukaliweka chini, ukasema, "Mama, imebaki nafasi ya kitabu kimoja tu cha hadithi. Nichagulie wewe." Ulinishangaa niliposema nitafikiria. Umezoea nikijibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nilikuwa nimeogopa. Ngoja nikueleze kwa nini, lakini itabidi nianze mbali.

Unajua vile vitabu vilifika kwetu kwa kura. Mzungu alipouza shamba akaenda zake, wanachama wa kampuni yetu ya kununua mashamba walikubaliana kwamba vyombo vya nyumbani kwake visiuzwe, vigawanywe kwa bahati. Nambari ziliandikwa kwenye vipande vya karatasi, zikatiwa ndani ya kofia ya huyo huyo mzungu, aliyoiacha ikining'inia nyuma ya mlango. Baba yako alikuwa na homa. Akaniambia, "Enda, na uombe Mungu vizuri. Mimi nataka ile mashine ya kutenganisha maziwa." Niliomba njia nzima. Aliyekuwa mbele yangu alipata jembe la kukokotwa na ng'ombe. Aliyefuata akapata bafu la chuma, ambalo ndama wake wanalinywea maji mpaka leo. Mimi nikatia mkono kofiani, nikatoa kreti ya vitabu.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akaniuliza, "Sasa Mama, hizo utakamua mara ngapi kwa siku?"

Baba yako alipoona kreti inashushwa mlangoni, aliuliza swali moja tu: kama kuna Biblia ndani. Nikamwambia hakuna. Akageukia ukutani.

Vilikuwa vitabu ishirini na vitatu, vyote vya Kiingereza. Baadaye ndipo tulipojua kwamba mtu fulani katika nyumba ile alipenda kuogopeshwa, maana karibu vyote vilikuwa vya wafu wanaotembea, nyumba zinazoongea na falme ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Mimi wakati huo nilichojua ni kwamba karatasi yake ni nzito na haivujishi chumvi. Magazeti yalikuwa adimu. Nikaanza kufungia wateja.

Nilianzia nyuma. Muuza duka yeyote angefanya hivyo, maana ukianzia mbele unaharibu sura ya kitabu, na mimi nilitaka vikae kwenye rafu vikiwa vizuri, wateja waone kwamba kwetu kuna vitabu. Kwa msimu mmoja wa mvua nilimaliza miisho ya vitabu vinne. Niliiuza pamoja na chumvi, majani chai na tumbaku. Wewe ulikuwa darasa la nne. Ulitoka shule siku moja, ukachukua kimoja ukafungua, kisha ukapiga kelele nikadhani umeumwa na siafu. "Mama! Unauza mwisho!"

Nilikuambia karatasi ni karatasi. Uliniuliza ni nani aliyenunua wa mwisho, nikasema ni yule mama mzee wa ng'ambo, amechukua tumbaku. Ukatoka mbio na yunifomu yako.

Sasa nataka ukumbuke siku zile zilikuwaje, maana ulikuwa mdogo na labda hukuona nilichokiona mimi. Kogo alituona tukishuka kwenye lori na vitanda vyetu. Wanawe walikuwa wamefanya kazi kwa yule mzungu, na ng'ombe wa babu yake walilisha hapa kabla mzungu hajazaliwa. Sisi tulikuja na risiti. Hakututukana hata siku moja, lakini alilipita duka letu kila asubuhi akaenda la mbali, akitembea na ile fimbo yake polepole makusudi, ili nimwone vizuri anavyonipita. Siku ile aliyonunua tumbaku kwangu, la mbali lilikuwa limefungwa kwa matanga. Mwaka mzima nilikuwa nikikaa nyuma ya kaunta hii nikiuza kwa watu wa kwetu tu, na jioni nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Ulirudi na ukurasa ukinuka tumbaku. Ukasema Kogo alikataa kukupa mpaka umwambie umeandikwa nini, nawe ukamgeuzia kwa Kiswahili: mtu mmoja yuko peke yake katika nyumba, anasikia jikoni kuna mtu anaosha sahani.

Kesho yake, hata sijamaliza kufagia, Kogo alikuwa mlangoni. Hakunisalimu. Alisema, "Huyo alikuwa anaosha sahani ni nani?"

"Sijui, Kogo. Mimi siwezi kusoma Kizungu."

"Basi mtoto akitoka shule, mwambie nimekuja kukaa."

Akaketi juu ya gunia la mahindi. Akakaa mpaka saa kumi. Nilimpa chai saa nne, akainywa yote. Saa saba nilimpa nyingine, na hapo akaniuliza jina langu. Nyambura, wewe ulikuwa shuleni ukifanya hesabu za sehemu, na huku nyuma ulikuwa umeniletea jirani. Sijawahi kukushukuru kwa hilo kwa maneno, kwa hiyo nakushukuru sasa.

Mengine unayajua. Baada ya wiki mbili waliokuja jioni kukusikiliza ukisoma wakawa kumi, baada ya mwezi wakawa hawaenei. Waliokuja kwa lori na waliotukuta hapa, wote wakikanyagana mlangoni. Baba yako alisema nyumba iliyobatizwa haiwezi kusomewa mambo ya mashetani, akaenda kupanga magunia stoo. Jioni ya kwanza alipanga magunia yale yale mara tatu, kila mara karibu zaidi na mlango, na ulipofika mahali yule mfu anabisha dirishani ni yeye aliyesema kwa sauti, "Asifungue!" Tangu siku hiyo alikuwa na kiti chake. Siku moja watu walitaka kuanza bila Kogo kwa sababu alichelewa, na baba yako mwenyewe akatoka nje kumwita. Kogo akaingia, akatuangalia sote, akasema, "Nyinyi mlinunua shamba, sawa. Lakini hii hadithi hamkununua peke yenu."

Kitabu kikiisha, ilikuwa kazi kuchagua kinachofuata. Ulikuwa unasoma kurasa za kwanza za vitabu vitatu, kisha kunakuwa na kelele kama mkutano wa kampuni. Mimi nilikuwa mchaguzi mbaya kuliko wote. Nilishikilia kile chenye farasi wa dhahabu kwenye jalada, kwa sababu nilikuwa nimekihifadhi nisikirarue, na nilitaka kuthibitisha kwamba nilikuwa na akili. Kwa siku mbili mfalme aliongea na mfalme mwenzake. Watu walinunua chumvi wakaondoka. Hata mbwa alihama.

Kogo ndiye aliyejua kuchagua. Swali lake lilikuwa, "Ndani wanakula nini?" Kama kurasa za kwanza hazina mtu aliyepika wala aliyesikia njaa, alikuwa anatikisa kichwa. "Hao ni watu gani hawapiki? Tutawaogopea nini?" Nilimcheka kwanza. Lakini nakumbuka kile kitabu walimouawa watu kumi na mmoja, tukakimaliza, na asubuhi yake hakuna aliyekitaja. Halafu kukaja kile ambacho ndani yake mtoto mmoja tu alipotea msituni akiwa na kiazi mfukoni, na watu wakanijia alfajiri kuuliza kama nadhani kiazi kitatosha. Huko uendako nasikia kuna nyumba nzima ya vitabu. Ukisimama mbele ya rafu ukashindwa kuchagua, muulize Kogo kichwani mwako. Mimi usiniulize, mimi bado nampenda yule farasi.

Sasa nafika kwenye kile kitabu cha daraja.

Kilikuwa na jalada la kahawia lisilo na picha, na kama usingenizuia, ndicho ambacho ningefuata kukirarua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu ulipotusomea. Najua unakikumbuka, lakini niache nikisimulie, nione kama naweza. Msichana ni binti wa mlinzi wa daraja. Ng'ambo ya daraja kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna watu wasio na vivuli. Siku za soko mmoja wao huvuka, hupiga hodi kwa adabu, na kuomba aazimwe kivuli. Mama wa yule msichana alimwazima mmoja kwa huruma, kivuli hakikurudishwa, na tangu hapo mama akaanza kufifia. Kila asubuhi anapika uji, na kila asubuhi wanamwona kidogo zaidi kuliko jana, hadi siku moja wanaona mwiko tu ukikoroga. Unakumbuka ule mwiko? Baba yako alienda nje. Msichana akaamua kwamba atavuka mwenyewe akakidai kivuli cha mama yake.

Ikabaki sura moja. Ulisema utaisoma Jumamosi ili wote wafike.

Jumatano yake, ukiwa shule, Mwalimu Cheruiyot alipita dukani. Alikuwa amekuja kuzungumza habari yako: kwamba kuna nafasi katika shule ya bweni, mbali, na kwamba mtoto anayeweza kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili mbele ya umati akiwa na miaka kumi na mitatu asifungiwe Sisibo. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa lile jina la zamani la Eldoret yetu. Kitabu kilikuwa hapa juu ya kaunta. Na mimi, mlafi, sikuweza kungoja Jumamosi. Nikamwambia, "Mwalimu, kabla hujaendelea, nisomee hii mwisho kidogo."

Akanisomea, akigeuza taratibu. Msichana anafika darajani asubuhi. Mama, ambaye sasa ni sauti tu, anasimama mlangoni anamwita jina lake. Anamwita mara ya pili. Msichana anakanyaga ubao wa kwanza na hageuki.

Nikamwambia, "Wacha. Wacha hapo, Mwalimu."

"Lakini Mama, zimebaki karatasi tatu. Hutaki kujua?"

"Nimejua tayari."

Sikuwa nimejua kitu. Alipoendelea na habari ya shule ya bweni nilimkatalia hata kabla hajataja jina la shule. Hilo unalifahamu, na ulinisamehe kwa kutembea kwa miguu kwenda shule ya kutwa mjini miaka yote ile, mvua na jua, bila kuninunia. Ambalo hulifahamu ni hili. Mwalimu alipoondoka, nilirarua zile karatasi tatu. Nilianzia nyuma, kwa mazoea. Nikaziweka chini ya mizani, kati ya mbao na chuma, na ulipotoka shule nikakuambia karatasi za kufungia zilikuwa zimeisha, nikachukua bila kuangalia, nikafungia watu sukari.

Hukunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Miaka mitatu kabla ulinipigia kelele kwa ukurasa mmoja wa tumbaku, na siku hiyo ulikaa kwenye ngazi ukalia polepole, ukainuka ukanawa uso, ukaanza kwenda nyumba kwa nyumba. "Mama fulani, ulinunua sukari kwetu Jumatano?" Ulifungua makopo jikoni kwa watu. Ulichungulia nyuma ya milango ambayo watu wamebandika karatasi kuzuia upepo. Mpaka likizo ya juzi nilikuona kwa shemeji yangu ukisoma karatasi iliyotandikwa chini ya taa. Na mimi kila siku nilipima juu ya mwisho wa hadithi yako, kwa ratili, na baadaye kwa kilo tulipobadilishiwa mawe ya mizani.

Jumamosi ile watu walifika wote. Ulisimama hapo na kitabu kisicho na mwisho, ukasoma. Ulipofika pale nilipoporarua hukuacha, ukaendelea kwa kutoa kichwani. Ukasema msichana alivuka, akakuta vivuli vyote vimeanikwa kwenye ua kama nguo, akakitambua cha mama yake kwa kiraka cha gotini, akakikunja akarudi nacho begani. Mama akaonekana tena, kwanza mikono, halafu mdomo ukimwuliza amekula. Watu walipiga makofi na baba yako akapuliza pua. Ulipokuwa ukisema "akarudi" uliniangalia mimi. Nilijua umenitungia mimi. Nimeishi na mwisho ule miaka sita, na umenitunza. Siku ulipopata barua ya chuo kikuu nilijifungia stoo, na huko stoo nilijiambia, akarudi nacho begani. Asante, mwanangu. Nilikunyima mwisho ukanipa mwingine.

Sasa Ijumaa nilivuka ua kwenda kwa Kogo kumuuliza nikuchagulie kipi. Nilitaja vitabu vyote. Alisikiliza akisugua tumbaku mkononi, kisha akasema bila kuniangalia:

"Mama Nyambura, ile wiki ulisema umefungia watu sukari, hakukuwa na sukari. Lori ilikuwa imekwama kwa matope huko Cheptiret. Mimi nilikunywa chai bila sukari siku nane."

Nilikaa chini, Nyambura. Kwenye majani, na nguo yangu nzuri.

"Ulijua wakati wote?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Wewe ni rafiki yangu, sitakuaibisha mbele ya watu. Lakini sasa mtoto anaenda, na mimi nimezeeka. Nataka kujua huyo msichana alienda wapi."

Tangu Ijumaa nimekuwa nikiwaza jambo moja. Wewe pia ulikunywa chai ile, na uji usio na sukari ulikuwa unaupeleka shule kwa chupa wiki nzima. Wewe ambaye huwezi kusahau kitu. Labda ulijua kama Kogo alivyojua, na ulizunguka jikoni za watu ili nisione haya. Labda ndiyo maana Alhamisi, ukiwa na vitabu vyote hivi, ukasema nichague mimi. Sitakuuliza. Nimeona haya ya kutosha kwa wiki moja. Ila kama ni hivyo, basi umenilea vizuri kuliko nilivyokulea.

Jana nilitoa mizani mahali pake. Karatasi zilikuwa zimelala bapa, safi, zimegeuka rangi ya chai kidogo pembeni. Nimezishona kitabuni kwa sindano ya magunia na uzi wa katani, kwa hiyo usishangae kitabu kikikataa kufunga vizuri. Sikuzisoma. Ningeweza kumwita Mwalimu, ningeweza kukuita wewe hapo ng'ambo. Masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, yamenifundisha kuandika barua hii lakini Kiingereza bado ni miti mitupu kwangu. Mpaka dakika hii sijui nini kiko ng'ambo ya ule ubao wa kwanza.

Hicho ndicho kitabu nilichokuchagulia. Kiko chini ya sweta la kijani. Kina uji, kina mwiko, Kogo amekubali.

Kisome ukiwa huko, si kwenye treni, kwa sababu kwenye treni utakuwa na huzuni na utamwonea huruma mtu asiyestahili. Ukimaliza, tuandikie kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kubwa. Nitawaita watu Jumamosi, wale waliobaki, na nitawasomea mwenyewe, nikisimama pale ulipokuwa unasimama. Lakini usinitungie, Nyambura. Safari hii niambie kilichoandikwa. Kama alirudi, andika alirudi. Na kama ukungu ulifunga nyuma yake na hakugeuka hata mara moja, andika hivyo hivyo. Nitakisoma chote mpaka chini, na Kogo atakuwa ameketi karibu nami kwenye gunia.

Naona unavuka ua sasa, umebeba kuku wa Kogo kwapani. Sijui utamtia wapi katika treni.

Mama yako